Sura ya Nne: Mwenye Kituo

Tarehe 1 Novemba 1870 mfuko wa barua ulifungwa kwa lakiri Unguja na kukabidhiwa msafara mdogo wa wapagazi. Barua zilikuwa za Dk. David Livingstone, aliyetarajiwa Ujiji, na aliyezituma ni John Kirk, aliyekaimu ubalozi wa Uingereza. Msafara ukavuka bahari hadi Bagamoyo, ukatua hapo. Henry Morton Stanley, aliyepita Bagamoyo miezi michache baadaye, anasimulia kwamba wale watu walikaa pale siku zinazokaribia 100 wakila na kulala, na walijifunga kibwebwe waliposikia tu kwamba Kirk mwenyewe anavuka kuja. Mfuko ukafika Kwihara, nje kidogo ya Tabora, ukakuta vita vya mtemi Mirambo na Waarabu vimefunga njia ya magharibi. Ukakaa tena. Mwishowe Stanley ndiye aliyeuchukua, akazunguka nao kusini kukwepa vita, akaufikisha Ujiji Novemba 1871. Kwa hesabu yake, zilikuwa zimepita siku 365 tangu mfuko uondoke Unguja.

Ni rahisi kuulaumu umbali. Lakini Richard Burton, ambaye hakuwa mwepesi, mwaka 1857 alitumia siku 134 kutoka pwani hadi Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, na miezi miwili mingine kutoka hapo hadi Ziwa Tanganyika. Jumla ni kama nusu mwaka, pamoja na homa, wapagazi waliotoroka na majadiliano marefu ya hongo, yaani ushuru wa kupita, kule Ugogo. Basi umbali na njia mbaya vinaeleza nusu ya ule mwaka. Nusu nyingine barua zilikuwa zimeketi tu. Bagamoyo hapakuwa na mtu wa kuuliza kwa nini mzigo haujaondoka. Kwihara hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta njia nyingine.

Nimeanza na mfuko huo kwa sababu makanisa yetu ya Tabora yanapozungumzia intaneti huzungumzia kasi. Kasi tumekwisha kuipata. Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulitua Dar es Salaam, EASSy ukafuata mwaka 2010, na Mkongo wa Taifa ukaendelea kuelekea bara. Ujumbe uliowekwa Roma au Herrnhut, Ujerumani, asubuhi hii unasomeka Urambo kabla chai haijapoa. Hata hivyo, tovuti nyingi za makanisa yetu zina kalenda ya miaka mitatu iliyopita, namba ya paroko aliyekwisha kuhamishwa, na kisanduku cha “wasiliana nasi” kinachopeleka ujumbe kwenye barua pepe isiyofunguliwa na yeyote. Hoja ya sura hii ni fupi: katika njia hii ya zamani ya misafara, neno limefika pale tu palipokuwa na mtu wa kulipokea, kulijibu na kulipeleka mbele. Anayetaka kuinjilisha kwa mtandao aanze kumtafuta mtu huyo, kompyuta ije baadaye.

Waliotangulia kwa miguu

Juni 1878 msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadri Weupe, uliondoka Bagamoyo. Shirika lao lilikuwa na miaka kumi tu tangu Kardinali Lavigerie alianzishe Algiers. Padri Pascal alifia njiani kabla hawajafika Unyamwezi. Walipofika Tabora wakagawanyika: kundi moja, wakiwemo Livinhac na Lourdel, likageukia kaskazini kwenda Buganda, jingine likaendelea magharibi hadi Ujiji. Tabora ilikuwa njia panda. Meno ya tembo na watumwa walipita humo kwenda pwani, nguo na bunduki zikipanda bara, na sasa Injili nayo ikatumia njia ileile. Jambo hilo tulikumbuke kila tunaposikia kwamba teknolojia fulani ni ya Mungu au ya shetani. Njia ni ileile, na aliyebeba minyororo na aliyebeba msalaba walikanyaga vumbi moja.

Lavigerie alidai wakatekumeni wafundishwe miaka minne kabla ya kubatizwa. Kwa mapadri wachache, wengi wao wakiwa na homa, miaka minne ya mafundisho kijiji kwa kijiji isingewezekana bila watu wengine wa kuifanya kazi hiyo. Watu hao ndio makatekista. Anayejulikana kuliko wote magharibi mwa Tanzania ni Adrian Atiman, mzaliwa wa kando ya mto Niger, aliyetekwa utotoni, akakombolewa na wamisionari, akasomeshwa utabibu Malta. Alifika Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, mwishoni mwa miaka ya 1880. Hakuondoka. Alitibu na kufundisha dini hapo kwa zaidi ya miaka 60, hadi alipofariki mwaka 1956. Maaskofu walibadilika, serikali ya Wajerumani ikaja na kuondoka, ya Waingereza ikaingia, na mgonjwa aliyefika Karema alijua atamkuta nani.

Faida ya kuwa na kituo ni hiyo: mtu anayekuja ana uhakika wa kumkuta mwenyeji. Tovuti ya kanisa ni kituo cha namna hiyo, na isiyo na mwenyeji humkatisha mgeni tamaa kuliko kama isingekuwapo, kwa sababu imemwita ikamwacha mlangoni.

Nyumba 32

Wamoravian wa Tabora wana urithi unaofundisha jambo hilohilo kwa upande mwingine. Tarehe 3 Mei 1728, katika kijiji cha Herrnhut huko Ujerumani, kiongozi wao Nikolaus von Zinzendorf aliwapa waumini waliokusanyika jioni kuimba neno moja la kushika siku inayofuata. Kesho yake ndugu walizunguka nyumba zote 32 za kijiji wakalipeleka neno hilo mlango kwa mlango. Tuwatazame wakiwa mlangoni. Ndugu anabisha, anasoma mstari wa siku, kisha anauliza hali ya nyumba: nani anaumwa, nani hana amani, nani ana furaha. Anarudi na majibu. Neno limekwenda na habari za watu zimerudi, kwa miguu ileile.

Mwaka 1731 maneno ya siku yalianza kuchapwa kama kitabu cha mwaka mzima, na hayajakoma kuchapwa tangu hapo. Mwaka 1898 Wamoravian walipokea Urambo kutoka kwa wamisionari wa London, waliokuwa wamefungua kituo pale zama za Mirambo mwenyewe, kisha kazi ikaenea Sikonge na kwingineko. Leo neno la siku linapatikana kwa makumi ya lugha, kwa kitabu na kwa simu. Linaingia kwenye kundi la WhatsApp saa kumi na mbili asubuhi, watu wanaandika “Amina”, na siku imeanza.

Kilichopotea njiani ni nusu ya pili ya kazi. Neno linatumwa kwa nyumba 200 badala ya 32, na hakuna anayeuliza nani anaumwa. Simu ina uwezo mkubwa wa kurudisha majibu kuliko miguu ya mtu yeyote, lakini tumeigeuza kipaza sauti. Mzee wa kanisa aliye na kundi la watu 200 angeweza kuchagua majina kumi kila siku na kuwapigia au kuwaandikia mmoja mmoja. Ndani ya siku 20 angekuwa amewafikia wote. Hiyo haihitaji programu mpya wala fundi kutoka Dar es Salaam.

Kipalapala na kazi ya wino

Kati ya mguu na simu kulikuwa na karatasi, na hapa Tabora karatasi ina historia nzito. Kipalapala, kilomita chache kutoka mjini, Mapadri Weupe walikuwa na kituo tangu miaka ya 1880 ambako walilea watoto waliokombolewa utumwani. Baadaye ikawa mahali pa seminari kuu na pa kiwanda cha uchapaji cha Tanganyika Mission Press, ambacho wengi tulikijua kwa herufi zake tatu, TMP. Kutoka hapo yalitoka makatekisimu, misale, vitabu vya nyimbo na vya shule, na pia gazeti la Kiongozi, lililosomwa nchi nzima.

Reli iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914 ndiyo iliyosaidia kazi hiyo kusambaa. Lakini mabunda ya magazeti hayakujisambaza yenyewe kutoka stesheni. Kulikuwa na mtu wa kuyapokea, kuyahesabu, kuyafunga kwenye baiskeli na kuyapeleka kigangoni, na huko mwenye kujua kusoma aliwasomea wengine. Nakala moja haikuwa ya mtu mmoja. Mhariri wa Kipalapala aliandika akijua kwamba sentensi yake itasikika kwa sauti ya katekista kabla haijaonekana kwa macho, kwa hiyo aliandika Kiswahili cha kusikika.

Funzo hilo liko hai. Katika mkoa wa Tabora, wenye watu zaidi ya milioni 3.3 kwa sensa ya 2022, wengi wao wakulima wa tumbaku, mahindi na karanga, wafugaji, warina asali, ni kosa kudhani kila muumini ana simu janja yenye bando. Wengi wana kitochi. Wengine wana simu nzuri lakini wanawasha data mara moja kwa siku, wakipanda kichuguu au wakienda mnadani kwenye mtandao. Ujumbe wa tovuti utawafikia kwa njia ileile ya Kiongozi: mmoja atausoma, na wengine watausikia kwake. Mwandishi wa parokia amwandikie huyo mmoja.

Mgeni anataka nini

Sasa tuingie ofisini. Kijana alibatizwa parokia ya kijijini wilayani Urambo. Yuko Dar es Salaam, amepata mchumba, na paroko wa huko anamtaka alete cheti cha ubatizo kilichotolewa upya. Sababu inajulikana: kitabu cha ubatizo hubaki parokia ulikobatizwa, na pembeni ya jina lako ndipo huandikwa kipaimara na ndoa. Cheti kipya ndicho kitakachoonyesha kama tayari ulikwisha kufunga ndoa mahali pengine. Kijana hana namba ya mtu yeyote pale. Ana njia mbili: kupanda basi au treni hadi Tabora na kuunganisha, akipoteza siku za kazi na nauli ya kwenda na kurudi, au kumsumbua shangazi aliyezeeka aende ofisini kwa niaba yake.

Ukurasa mmoja ungemmalizia shida: jina la parokia na vigango vyake, siku na saa za ofisi, namba ya simu ya ofisi (ya ofisi, si ya padri aliyepo), na mistari minne inayosema anayetaka cheti atume nini: majina kamili, mwaka wa ubatizo, majina ya wazazi na ya msimamizi. Katibu wa parokia anafungua kitabu, anatafuta mstari, anaandika cheti, anagonga muhuri, anakituma kwa njia waliyokubaliana. Hayo ni mawasiliano ya kichungaji kamili, ingawa hayana picha ya kwaya hata moja.

Nimeona kamati zikitumia miezi kubishana juu ya rangi za tovuti na picha ya askofu ikae wapi. Ni vizuri zaidi kamati ikae siku moja mlangoni pa ofisi na kuandika kila swali linaloulizwa. Misa ya Jumapili saa ngapi? Kigangoni padri anakuja lini? Mafundisho ya kipaimara yanaanza lini? Nani anashughulikia mazishi? Shule ya kanisa inapokea fomu hadi tarehe gani? Maswali hayo ndiyo tovuti. Mengine yatakuja yenyewe.

Hapo ndipo tovuti na kundi la WhatsApp vinagawana kazi. Kundi ni la wenyeji: wanajuana, wanapeana habari za msiba, za mazoezi ya kwaya, za kusafisha kanisa. Lakini mgeni hawezi kulikuta kundi akitafuta mtandaoni, na tangazo la asubuhi hufunikwa na salamu 80 kabla ya mchana. Tovuti ni ya yule asiyemjua mtu: mwalimu aliyehamishiwa Nzega, nesi mpya wa Kaliua, mjukuu aliyeko Muscat au Toronto anayetaka kujua babu yake alizikwa na kanisa gani. Parokia yenye kundi tu imejifungia ndani na watu wake.

Nani analipa

Mhubiri anayeweka mahubiri ya video kwenye kundi hufikiri ametoa bure. Tupige hesabu. Video ya MB 50 ikitumwa kwa watu 200, na wote wakaipakua, GB 10 zimetumika, na zimelipwa na waumini, wakiwemo wajane na wanafunzi. Picha moja ya simu ya kisasa isiyopunguzwa inaweza kufika MB 5. Ukurasa wa maandishi wenye ratiba na namba zote za parokia hautazidi KB 100. Yaani kwa gharama ya picha moja ya jiwe la msingi, mtu angefungua ratiba mara 50.

Kwa hiyo kanuni iwe: maandishi kwanza, sauti pili, video mwisho. Mahubiri ya dakika kumi yaliyorekodiwa kwa sauti na kupunguzwa vizuri yanabebeka, tena mtu anayasikiliza akiwa shambani au akiendesha baiskeli. Anayetaka video aifuate mwenyewe kwa hiari yake. Na redio zisidharauliwe. Kwa vijiji vingi vya mkoa huu redio bado ndiyo inayofika mbali kwa bei ndogo, na kipindi kimoja kinaweza kuwatajia wasikilizaji anwani ya tovuti na namba ya ofisi.

Wezi wa njiani

Njia iliyopitisha watumwa ilikuwa na wanyang'anyi pia, na ya leo haijatakata. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, zaka na michango ya ujenzi vimehamia kwenye simu, na pesa ikihama mwizi huhama nayo. Ujanja wa wezi hawa ni wa kawaida: ujumbe wa harambee unanakiliwa neno kwa neno, jina la paroko limo, kilichobadilika ni namba ya kulipia. Dawa yake haihitaji utaalamu. Namba ya sadaka isajiliwe kwa jina la parokia, itangazwe madhabahuni, ibandikwe kwenye ubao na iandikwe kwenye tovuti, na waumini wafundishwe kusoma jina linalojitokeza kabla ya kuingiza namba ya siri. Jina likiwa la mtu binafsi, wasilipe.

Wizi wa pili tunaufanya sisi wenyewe, kwa nia njema. Tunaandika kwenye kundi: “Tumwombee mama fulani wa jumuiya fulani, amelazwa, amegundulika na ugonjwa fulani.” Tayari watu 200 wanajua alichotaka kijulikane na mumewe tu. Tunaweka picha za watoto wa kituo cha yatima na majina yao ili wafadhili waguswe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu habari za afya kuwa nyeti na inadai ridhaa, lakini hata kabla ya sheria hiyo kanisa lilijua kutunza siri. Kanuni ni ileile: mwenye habari aulizwe kwanza. Na parokia inayotaka kurusha vipindi mtandaoni kama televisheni isome Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2020 na marekebisho yake kabla ya kununua kamera.

Mpaka wa waya

Mwaka 2002 Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilitoa waraka kuhusu Kanisa na intaneti. Uliisifu teknolojia hiyo na kuwahimiza wachungaji waitumie, kisha ukaweka mpaka: hakuna sakramenti mtandaoni. Makanisa mengine yana teolojia tofauti ya sakramenti, lakini watu wa bara hawahitaji kuambiwa kwamba kuhani aliye kwenye skrini hawezi kumpaka mgonjwa mafuta. Mtandao unamwambia mtu saa na mahali. Kufika atafika kwa miguu yake, na atakayempokea awepo.

Wala si lazima sisi tuwe wapokeaji siku zote. Kaskazini mwa Tabora, mkoani Shinyanga, kamati ya utafiti ya Ndoleleji ilikaa na wazee wa Kisukuma pamoja na Padri Donald Sybertz wa shirika la Maryknoll, ikakusanya methali, nyimbo na hadithi na kuzioanisha na Injili. Mwenzake, Padri Joseph Healey, alizichapa vitabuni na kuziweka mtandaoni katika tovuti ya methali za Kiafrika, ambako mhubiri wa nchi yoyote anaweza kuzichota. Maneno yaliyosemwa chini ya mti usukumani yalitoka kwenda ulimwenguni kwa sababu kulikuwa na watu walioketi na daftari miaka na miaka. Unyamwezi nako kuna wazee, na kuna simu za kurekodi sauti zao wakiwa bado wapo.

Basi kanisa linalotaka kuanza lifanye hivi. Limteue mtu mmoja kwa jina, na msaidizi wake, liwatangaze kanisani kama linavyotangaza katekista mpya. Liwape siku maalumu ya juma ya kurekebisha ratiba na muda wa kila siku wa kujibu ujumbe. Nywila zote zijulikane na watu wawili na ziandikwe kwenye daftari linalofungiwa sandukuni pamoja na vitabu vya ubatizo, ili padri akihamishwa tovuti isihame naye. Ada ya mwaka ya jina la tovuti na bando la mhusika viingie kwenye bajeti ya parokia kama mishumaa na divai, visitegemee mfuko wa kijana mmoja mwenye moyo. Kila mwisho wa mwezi halmashauri iulize maswali mawili tu: wangapi walituuliza, na wangapi walijibiwa? Kanisa lisiloweza kumpata mtu huyo lisifungue tovuti kwanza. Libandike ratiba na namba ya ofisi mlangoni, na liendelee kumtafuta.